Maneno Husafiri, Sauti Hubaki: Heshima katika Mawasiliano ya Kompyuta baina ya Mataifa

Tuchukue mfano ufuatao. Shule mbili za sekondari, moja ya Iringa, Tanzania, na nyingine ya Helsinki, Ufini, zimekubaliana kupima mvua kila siku na kupelekeana takwimu kwa barua pepe. Wanafunzi wa pande zote mbili wana bidii na vipimamvua vyao ni sahihi. Lugha waliyoafikiana ni Kiingereza, ambacho si lugha ya mama ya upande wowote.

Mwezi wa Septemba madarasa hayo yapanga kuonana kwa simu ya video. Mwanafunzi wa Iringa, akiwaza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, aeleza kwamba darasa lake litakuwa tayari saa tatu. Siku ya miadi, wanafunzi wa Iringa wakusanyika asubuhi, wasubiri nusu saa, watawanyika. Saa sita baadaye wenzao wa Helsinki wakusanyika, wasubiri nusu saa, nao watawanyika. Kesho yake yafika barua ya mistari miwili kutoka Helsinki: hamkuwapo; leteni takwimu kabla ya Ijumaa. Haina salamu. Mwanafunzi wa Iringa aona amedharauliwa. Ajibu kwa barua ndefu yenye salamu nyingi, na mwishoni aandika kwa Kiingereza kilichofuata Kiswahili neno kwa neno: tupeni na ninyi zenu. Sasa ni zamu ya yule wa Helsinki kuona ameamrishwa. Baada ya wiki tatu hakuna anayemwandikia mwenzake, na takwimu za mvua zimebaki nusu.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila kosa lililomo hutokea kweli, tena kila siku, miongoni mwa watu wanaofanya kazi pamoja kupitia intaneti bila ya kuonana. Yafaa izingatiwe kwamba hapana hata mmoja aliyekusudia ubaya. Basi ubaya ulitoka wapi? Makala hii yajaribu kulijibu swali hilo kwa msaada wa sayansi, na kuonyesha kwamba heshima katika mawasiliano ya mataifa si jambo la moyo mwema peke yake. Ni ufundi, nao hufundishika.

SAA TATU YA NANI?

Kosa la kwanza lilikuwa la saa. Kwa mazoea ya Waswahili, saa za mchana huhesabiwa tangu mapambazuko, na saa za usiku tangu magharibi. Hesabu hii ina msingi wake katika jiografia. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta, na katika mwaka mzima wakati wa kuchomoza jua hubadilika kwa muda usiofika saa moja. Kwa hiyo jua lenyewe ni saa ya kutegemewa.

Helsinki iko nyuzi 60 kaskazini ya Ikweta. Huko, mnamo mwezi wa Juni, jua huchomoza karibu saa kumi alfajiri. Mnamo Desemba hukawia hadi baada ya saa tatu asubuhi. Mtu wa huko ambaye angehesabu saa zake tangu macheo angelazimika kuirekebisha saa yake kila wiki. Yeye huanza kuhesabu usiku wa manane, na saa tisa baadaye, tunapotaja saa tatu ya asubuhi, yeye hutaja tisa. Mwezi wa Septemba saa za Iringa na za Helsinki huenda sawasawa kabisa, kwa kuwa zote ziko saa 3 mbele ya saa ya ulimwengu, UTC. Hata hivyo, madarasa yetu mawili yalikosana kwa saa sita kamili. Tofauti haikuwa katika saa za ukutani, bali katika vichwa vya wenye kuzisoma.

Tarehe nazo zina mtego wa namna hiyohiyo. Anayeandika 4/3 hapa kwetu akusudia tarehe 4 ya mwezi wa Machi. Msomaji wa Marekani husoma Aprili 3. Ili kuondoa utata huo, Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwaka 1988 kanuni iitwayo ISO 8601, inayotaka mwaka utangulie, ufuatiwe na mwezi, kisha siku. Mtu aandikaye 2025-03-04 hamwachii mwenzake fumbo la kufumbua. Huo ni ufundi mdogo, lakini pia ni heshima, maana anayekupa wakati usio na utata ameuthamini muda wako.

SAUTI ISIYOSAFIRI

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, kwa sababu halikuwa la tarakimu. Barua ya Helsinki ilisomwa kwa sauti ya ukali ambayo huenda mwandishi wake hakuwa nayo.

Tuzungumzapo ana kwa ana, maneno hayaendi peke yake. Hufuatana na mpando na mshuko wa sauti, kasi ya usemi, macho, mikono na tabasamu. Sentensi moja, “Leo umefanya kazi kweli kweli,” yaweza kuwa sifa kwa mwenye juhudi au kejeli kwa mvivu. Sauti ndiyo inayotofautisha. Katika maandishi sauti hiyo hukatwa, yakabaki maneno matupu. Tatizo ni kwamba mwandishi hasikii kuwa imekatwa. Kichwani mwake bado yavuma.

Mwaka 1990 mtafiti Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alilionyesha jambo hili kwa jaribio jepesi. Watu fulani walitakiwa kugonga mezani kwa kidole mdundo wa nyimbo zinazojulikana na wote, na wengine wautambue wimbo. Wagongaji walikisia kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilitambuliwa 3 tu. Mgongaji aliusikia wimbo mzima akilini. Msikilizaji alisikia ko, ko, ko.

Mwaka 2005 wanasaikolojia Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio yanayohusu barua pepe zenyewe. Washiriki waliwatumia wenzao sentensi, nyingine za kweli na nyingine za kejeli. Watumaji walitarajia kwamba karibu sentensi 78 katika kila 100 zingeeleweka kama walivyokusudia. Zilizoeleweka zilikuwa karibu 56, yaani zaidi kidogo ya zile ambazo mtu angepata kwa kurusha shilingi juu. Sentensi za aina hiyo ziliposemwa kwa sauti, zaidi ya 70 katika 100 zilieleweka. Tena washiriki hao walikuwa katika nchi moja na walitumia lugha moja. Ni dhahiri kwamba pale ambapo nchi ni mbili na lugha ni ya kuazima, mwanya huwa mpana zaidi.

Watu wa kompyuta waliutambua upungufu huu mapema. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, mtu aliandika kwa mzaha kwenye ubao wa matangazo wa kompyuta kwamba lifti moja ilikuwa imechafuliwa kwa zebaki. Wasomaji wengine waliuchukua mzaha huo kuwa onyo la kweli la hatari. Katika majadiliano yaliyofuata, mwalimu mmoja, Scott Fahlman, alipendekeza tarehe 19 Septemba 1982 kwamba kila mzaha uwekewe alama ya nukta pacha, kistari na mabano ya kufungia, ambazo zikitazamwa ubavu zafanana na uso unaocheka. Alama hiyo ni mojawapo ya mababu wa emoji tunazotumia leo katika simu. Lakini hata alama hazina maana moja duniani kote. Kidole gumba kilichoinuliwa, ambacho kwingi ni ishara ya kukubali, nchini Iran kwa desturi ya zamani kilikuwa tusi.

HESHIMA HUWEKWA WAPI?

Mwaka 1955 mwanasosholojia Erving Goffman alieleza kwamba katika kila mazungumzo mtu huulinda “uso” wake, yaani ile hadhi anayotaka watu wengine waione. Mswahili hahitaji kufundishwa sana jambo hili, kwa maana amekwisha kusema kwamba uso umeumbwa na haya. Mwaka 1978 wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson waliliendeleza wazo hilo kwa kulinganisha Kiingereza, Kitamil cha kusini ya India, na Kitzeltal cha Mexico. Waliona kwamba mwanadamu ana haja mbili: apendwe na kukubaliwa na wenzake, na asiingiliwe katika mambo yake. Kila ombi, kila kosoa na kila kataa hugusa haja moja au zote mbili, na kila lugha ina mbinu zake za kupunguza uchungu.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba mbinu hizo hazikai mahali pamoja katika kila lugha. Katika Kiswahili heshima hutangulia. Mdogo humwamkia mkubwa “Shikamoo”, naye hupokea “Marahaba”. Hufuata habari za nyumbani, za watoto na za kazi. Mlango ukiisha kufunguliwa hivyo, ombi lenyewe laweza kuwa fupi. “Nipe chumvi” au “Nipatie kitabu hicho” si tusi baina ya watu waliokwisha kujuliana hali, na “naomba” humtosha yeyote anayetaka kuongeza adabu. Katika Kiingereza, sehemu kubwa ya heshima hufungwa ndani ya sentensi ya ombi yenyewe, kwa kuigeuza iwe swali na kuitia neno la tafadhali. Salamu zaweza kuwa neno moja, au zisiwepo kabisa.

Sasa twaweza kuona kilichowapata wanafunzi wetu. Yule wa Iringa alitanguliza heshima yote katika salamu, kisha akaomba kwa kitenzi kitupu. Mwenzake aliziruka salamu kama utangulizi usio na kazi, akafika kwenye kitenzi, akakuta amri. Yule wa Helsinki, kwa upande wake, aliona kwamba kumwandikia mwenzake maneno machache ni kumhurumia asipoteze muda. Iringa ilitafuta salamu, haikuiona. Kila mmoja alitoa heshima yake, lakini aliiweka mahali ambapo mwenzake hakuzoea kuitafuta.

Hata majina yana taratibu zake. Mtanzania mwenye majina matatu kwa kawaida hubeba lake, la baba na la babu. Fomu ya kigeni inayodai jina la ukoo humtatiza. Mchina hutanguliza jina la ukoo. Nchini Iceland, ambako wengi hubeba jina linalotokana na la baba, watu wote, hata rais wa nchi, hutajwa kwa jina lao la kwanza, wala si utovu wa adabu. Njia salama ni moja: kumwuliza mtu apenda kuitwaje. Kuuliza si ujinga.

POLE SI KUKIRI KOSA

Liko neno moja la Kiswahili ambalo limewatatanisha wageni wengi, nalo ni “pole”. Mtu akijikwaa, akifiwa, akichoka kwa safari au akibeba mzigo mzito, twampa pole. Hatukumsukuma, twashiriki machungu yake. Mwafrika Mashariki anapozungumza Kiingereza, hulitafsiri neno hili kuwa “sori”. Mwingereza au Mmarekani aliyeanguka, akiambiwa sori, mara nyingi hujibu kwa mshangao kwamba kosa si la aliyesema. Kwake yeye, katika hali kama hiyo, neno hilo laelekea kuomba radhi. Kinyume chake, mgeni anapomwona mwenzetu amepatwa na jambo akakaa kimya kwa kuwa hana kosa, sisi twamwona ana moyo wa jiwe.

Kukataa nako kuna lugha zake. Kwetu mtu akisema “tutaona” au “labda kesho”, mwenyeji hutambua kwamba pengine jibu ni hapana. Mjapani anaweza kusema neno moja, “chotto”, maana yake “kidogo”, akaiacha sentensi ikielea. Mjapani mwenzake ameelewa kwamba amekataliwa. Msomaji wa mbali asiyezijua desturi hizi husubiri hiyo kesho, na isipofika humwita mwenzake mwongo. Hata hivyo tujihadhari: si kila Mjapani husema kwa mafumbo, wala si kila Mjerumani husema waziwazi. Maarifa ya desturi ni ya kutusaidia kuuliza vizuri, si ya kumhukumu mtu kabla hajasema.

ADABU HAITOSHI BILA UWAZI

Hapa msomaji aweza kudhani kwamba dawa ni kulainisha maneno kadiri iwezekanavyo. Sivyo. Liko tukio moja, lisilohusu kompyuta, lakini linaloonyesha vizuri gharama ya maneno yasiyoeleweka sawa na pande mbili.

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca Na. 52, iliyotoka Bogotá kupitia Medellín, Kolombia, ilikuwa ikikaribia New York. Kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na msongamano wa ndege, iliwekwa ikizunguka angani kwa zaidi ya saa moja, huku mafuta yakipungua. Marubani waliwaambia waongoza-ndege kwa Kiingereza kwamba mafuta yalikuwa yakiwaishia, lakini hawakutamka neno “dharura”. Kwa waongoza-ndege, neno hilo ndilo ambalo lingeifanya ndege hiyo ipewe njia mbele ya zote. Ndege iliishiwa mafuta, ikaanguka katika kisiwa cha Long Island. Kati ya watu 158 waliokuwamo, 73 walikufa. Wachunguzi wa Marekani walitaja kushindwa kwa marubani kuitangaza dharura hiyo, na pia walitaja ukosefu wa maneno sanifu ya kueleza upungufu wa mafuta ambayo yangeeleweka sawasawa na marubani na waongoza-ndege.

Tangu mwaka 2008, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limetaka marubani na waongoza-ndege wa safari za kimataifa wathibitishe kiwango chao cha lugha. Jambo la kuvutia ni kwamba mwongozo wa shirika hilo hauwatwiki mzigo wageni wa lugha peke yao. Huwataka pia wale waliozaliwa na Kiingereza wajifunze kukisema kwa namna ambayo mgeni atakielewa. Mwenye lugha na mwenye kuazima wote wana wajibu, kila mmoja apige hatua.

KANUNI YA MASHINE, KANUNI YA WATU

Mnamo mwaka 1980 mhandisi Jon Postel, mmoja wa walioijenga intaneti, alikabiliwa na swali la kiufundi: kompyuta zilizotengenezwa na watu mbalimbali, kwa mazoea mbalimbali, zitawezaje kuelewana? Aliandika kanuni ambayo tunaweza kuieleza hivi: mashine iwe na hadhari katika kile inachokipeleka, na iwe na uvumilivu katika kile inachokipokea. Ipeleke ujumbe uliofuata taratibu barabara, lakini isiukatae ujumbe wa mwenzake kwa hitilafu ndogo ikiwa maana yake yaeleweka.

Mwezi wa Oktoba 1995 Sally Hambridge wa kampuni ya Intel alitoa waraka wa miongozo ya adabu kwa watumiaji wa intaneti, uitwao RFC 1855. Ndani yake kanuni hiyo ya mashine iliwekwa kuwa kanuni ya watu. Waraka huo ulimkumbusha mwandishi kwamba anayesoma ni mwanadamu mwenye utamaduni, lugha na mizaha tofauti na yake. Kwamba tarehe, vipimo na misemo haisafiri vizuri. Na kwamba kuandika kwa herufi kubwa tupu ni sawa na kupiga kelele.

Wako waliodhani kwamba kazi ya kisayansi haihitaji upole, ilimradi ukweli usemwe. Linus Torvalds, aliyeanzisha programu ya Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, alijulikana kwa barua zake kali kwa wale ambao kazi yao haikumridhisha. Mwezi wa Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa ukali huo na kupumzika kwa muda, na mradi wake ukapokea kanuni mpya za mwenendo. Hakuacha kukosoa kazi mbaya. Kuikosoa kazi ni jambo moja, na kumvunjia mtu heshima ni jambo jingine.

MAJARIBIO YA DARASANI

Walimu waweza kuyafanya majaribio haya bila ya kompyuta hata moja.

1. Mwanafunzi mmoja agonge mezani mdundo wa wimbo wa taifa au wimbo mwingine unaojulikana na wote. Kabla ya kuanza, aandike anadhani wangapi watautambua. Hesabuni waliopatia, mkalinganishe.

2. Kila mwanafunzi aandike katika karatasi sentensi mbili, moja ya kweli na moja ya kejeli, bila ya alama yoyote ya kuzitofautisha. Karatasi zibadilishwe, na msomaji aseme ipi ni ipi. Kisha sentensi hizohizo zisomwe kwa sauti na mwandishi. Andikeni matokeo ya hatua zote mbili katika jedwali.

3. Darasa liiandike upya barua ya Iringa na ile ya Helsinki, ili kila moja iwe fupi kwa yule apendaye ufupi, na yenye salamu kwa yule anayezihitaji.

HITIMISHO

Kwa jaribio la tatu, jibu moja lingekuwa hivi: “Ndugu zetu wa Helsinki, twatumaini hamjambo. Tuliwasubiri jana tarehe 2025-09-16 saa 09:00, yaani 06:00 UTC, hatukuwaona, nasi tulihofu kwamba pengine tulikosea kueleza saa. Kwetu saa huhesabiwa tangu asubuhi. Tunaomba mtuambie saa ipi itawafaa wiki ijayo. Takwimu zetu za mvua tumeziambatisha. Tutashukuru mkitupatia zenu.” Ni barua ya sentensi chache. Ina salamu, ina saa isiyo na utata, ina dhana njema juu ya mwenzake, na ombi lake ni ombi.

Wahenga walisema kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Leo ulimi wetu wafika Helsinki kwa nukta moja, wala sauti yetu haiusindikizi. Kwa hiyo, kabla ya kutuma, tuisome barua yetu kana kwamba imeandikwa na mtu tusiyemjua. Na tunapopokea barua kavu kutoka mbali, tumwulize aliyeiandika kabla ya kumkasirikia. Kipimamvua cha Iringa na kile cha Helsinki vyote hupima kwa milimita. Wanaovisoma nao waweza kuelewana, wakikubali kujifunza vipimo vya mwenzao.